Tulilipia ziara ya siku nzima ya Nikko, hekaluni tukapewa dakika 28: kampuni ya utalii inakataa kurudisha fedha

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kwa heshima. Nitaeleza mambo haya saa kwa saa, kwa sababu kiini cha malalamiko yangu kimo ndani ya hizo saa.

Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tunaishi Yokohama. Mwezi uliopita mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 69, alikuja kututembelea kutoka Tanga. Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchonga nakshi za milango, na mama, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akizisugua mbao zile kwa msasa kabla hazijapelekwa kwa wenyewe, alipoonyeshwa na mjukuu wake picha ya Yomeimon, lango lenye nakshi la hekalu la Toshogu katika mji wa Nikko, kaskazini mwa Tokyo, aliikazia macho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hapa nipeleke." Hakuomba kitu kingine chochote katika nchi nzima ya Japani. Mama ni mtu wa swala tano na hakuwa anakwenda kuabudu; alitaka kuona kazi ya mikono ya mafundi wenzake baba.

Kwa kuwa magoti yake yanamsumbua, niliona basi la watalii litamfaa kuliko kubadilisha treni. Nililipa yeni 48,000 kwa watu watano kwa kampuni moja ya Tokyo. Ratiba niliyotumiwa, ambayo bado ninayo, ilisema tutaondoka Shinjuku, Tokyo, saa moja na nusu asubuhi, tutafika hekalu la Toshogu saa nne na nusu, tutakaa hapo saa mbili, na baada ya chakula cha mchana tutapanda kwenda ziwa Chuzenji na maporomoko ya Kegon.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Novemba. Tukiwa tayari barabarani, kiongozi wa msafara alitangaza kwamba tutaanza na ziwa. Hakuuliza mtu, wala hakutoa sababu inayoeleweka. Anayeijua Nikko anafahamu uamuzi huo una maana gani. Ziwa liko mlimani, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kulifikia ni Irohazaka, barabara yenye kona 48, ambayo katika msimu wa majani kubadilika rangi hujaa magari tangu asubuhi. Kampuni haiwezi kusema haikulijua hilo, maana tangazo lake lenyewe limepambwa kwa picha ya majani hayo mekundu. Tulikaa kwenye foleni ile zaidi ya saa mbili. Binti yangu wa miaka sita alitapika mara mbili, na mfuko wa kumtapishia tuliutoa wenyewe kwenye mizigo yetu, kwa sababu ndani ya basi hapakuwa na hata mmoja.

Tulifika juu saa saba mchana. Badala ya kuharakisha ili kufidia muda uliopotea, kiongozi alitupeleka kwenye mkahawa uliounganishwa na duka la zawadi na kutuweka hapo dakika 50, ilhali wengi wetu tulikuwa tumemaliza kula ndani ya dakika 20. Nilimfuata na kumkumbusha kwamba kuanzia Novemba Toshogu hufungwa saa kumi jioni, si saa kumi na moja kama wakati wa kiangazi, na kwamba wageni huacha kupokelewa nusu saa kabla. Alinijibu kwamba muda upo. Maporomoko yenyewe, yenye kimo cha mita 97, tuliyatazama tukiwa tumesimama kwa robo saa.

Tulipita kwenye lango la tiketi saa tisa na dakika 27, dakika tatu kabla halijafungwa.

Hapo ndipo paliponiumiza zaidi. Hekalu lile lilijengwa kwa ajili ya mtawala wa Japani Tokugawa Ieyasu, aliyefariki mwaka 1616, na majengo mengi tunayoyaona leo yalijengwa upya na mjukuu wake Iemitsu, kazi iliyokamilika mwaka 1636. Yomeimon peke yake lina nakshi zaidi ya 500 za majoka, watoto wanaocheza, wazee wenye hekima, ndege na maua, na Wajapani wenyewe huliita lango ambalo mtu anaweza kulitazama hadi jua litue. Mama alisimama mbele yake akiwa ameegemea mkongojo, kanga yake ameibana kifuani kwa baridi, midomo ikimcheza kana kwamba anahesabu. Nilikuwa nimemwambia kwamba nguzo moja ya lango lile ilichongwa nakshi zake juu chini kwa makusudi, ili kazi isihesabike kuwa imekamilika. Alikuwa anaitafuta. Kiongozi akapunga kibendera chake na kupaza sauti kwamba basi linaondoka saa tisa na dakika 55.

Wale nyani watatu waliochongwa kwenye zizi la farasi mtakatifu, ambao mwanangu aliwachora shuleni, tuliwapita tukitembea. Kwenye ngazi 207 zinazopanda hadi kaburi la Ieyasu, mhudumu alitukunjia mikono kifuani kwa alama ya msalaba, yaani haturuhusiwi tena. Joka lilialo, lile lililochorwa kwenye dari ambalo vibao vikigonganishwa chini ya kichwa chake mlio hurudi kama kengele, hatukulifikia kabisa.

Nilipodai nirudishiwe angalau nusu ya fedha, kampuni ilijibu kwa barua pepe ya mistari minne kwamba ratiba inaweza kubadilika kutokana na msongamano wa magari. Jibu hilo silikubali. Msongamano haukuibadilisha ratiba. Kampuni ndiyo iliyoibadilisha na kutupeleka kwenye msongamano, kisha ikatumia dakika zilizobaki kutuuzia zawadi. Nimewaandikia tena mara mbili, na sasa hawajibu.

Wanaopanga kwenda na wazee au watoto, nawasihi mpande treni ya haraka ya kampuni ya Tobu kutoka Asakusa, Tokyo, ambayo hufika Nikko kwa muda usiozidi saa mbili, kisha mchukue basi la mji kutoka kituoni, na mwanze na mahekalu asubuhi.

Ninaomba pia msaada wa wanajamvi mnaoishi Japani: je, kuna aliyewahi kupiga namba 188 ya huduma kwa walaji kuhusu kampuni ya utalii, na walihitaji nyaraka zipi? Nina ratiba ya awali, risiti, na picha ya tiketi zetu. Mama anasafiri kurudi nyumbani tarehe 21. Jumanne nimeomba ruhusa kazini, nitampeleka kwa treni akaitafute ile nguzo.