Naombeni ushauri: nataka kupandisha tuluboksi ya matairi juu ya mwenzake ndani ya kontena

SpanaKumi
Wakuu heshima kwenu. Nina gereji ndogo huku Kigamboni, kazi tunafanyia nje kwenye kivuli cha mabati na vifaa vyote vinalala kwenye kontena la futi 20. Nina tuluboksi mbili za chuma zile za matairi, droo saba saba, mtumba wa Dubai, moja ninayo tangu nianze kazi na ya pili nimeipata juzi kwa jamaa aliyekuwa anafunga biashara. Zinafanana kila kitu: upana inchi 27, kwenda ndani inchi 18, kwenda juu ni kama mita moja pamoja na matairi, ukitoa matairi inabaki sentimita 84.

Tatizo langu nafasi. Kontena kwa ndani lina upana wa mita 2.35 tu, upande mmoja nina meza yenye vaisi, kompresa iko mwisho kule, bado giaboksi za wateja zinazosubiri spea, yaani usiku nikishaingiza kila kitu hata pa kukanyaga hakuna. Nimewaza nitoe matairi ya moja niipandishe juu ya nyingine nipige bolti nne zishikane, iwe mnara mmoja unatoka asubuhi unarudi jioni. Kijana wangu anasema tuchomelee kabisa tumalize. Kila moja ukiijaza vifaa inafika kama kilo 180 maana kuna spana nzito za malori. Kuna mtu kashafanya hivi? Bati la juu litahimili kweli?

Mzee wa Gerezani
Kijana, kuchomelea hapana. Hilo bati ni jembamba, nyingi ni milimita moja na kushuka chini, ukilipiga moto linajikunja na rangi inaungua mpaka upande wa ndani. Reli ya droo inataka kuta mbili ziwe sambamba, fremu ikipinda milimita mbili tatu tu droo inaanza kukwama katikati, na ukishaanza kuivuta kwa nguvu vile vigololi vinamwagika, hapo droo umeshaiua. Halafu ndani humo kuna vipande vimepakwa zinki, moshi wake fundi akiuvuta usiku analala na homa.

Swali lako la bati kuhimili: bati la juu pale katikati ni kifuniko, halibebi kitu. Nguvu ya tuluboksi iko kwenye kona nne na kwenye kuta za pembeni. Ukitaka kuweka mzigo juu yake lazima utengeneze fremu ya chuma cha pembe, milimita 40 kwa 40 inatosha, izunguke ukingo wote ili uzito ushuke kwenye kuta. Ukiiweka hivi hivi na bolti zako nne, baada ya muda bati linadidimia na droo ya juu kabisa ya ile ya chini haifunguki tena.

pwani_karakana
Niko Changamwe, tunarekebisha trela. Mimi singepandisha. Ziweke ubavu kwa ubavu, chukua plaiwudi ya milimita 18 au hata marinbodi, funika zote mbili kwa juu uikaze na skrubu kutoka chini, hapo unapata meza ya futi nne na nusu ya kufungulia pampu na kabureta. Sisi tumefanya hivyo na tumeweka mkeka wa mpira juu, oili ikimwagika unapangusa tu. Meza inayotembea ni kitu kizuri sana bro.

SpanaKumi
Shukrani Mzee, na wewe ndugu wa Changamwe wazo lako zuri ila sakafu ndiyo sina, zikikaa ubavu kwa ubavu zinakula karibu mita moja na nusu ya ukuta, giaboksi zitalala wapi. Mimi nataka kwenda juu, huko juu kuko wazi kabisa mpaka dari.

Dada Bolti
Shikamoo Mzee, habari kaka SpanaKumi. Nimekaa chini nikapiga hesabu ya huo mnara, naomba uisome kabla hujaita mtu wa kuchomelea.

Matairi sentimita 16, boksi ya kwanza 84, ya pili 84, jumla mita 1.84. Kama zote mbili zina uzito sawa, kitovu cha uzito kinakaa pale zinapokutana, yaani mita moja kutoka ardhini. Kwenda ndani ni inchi 18, sawa na sentimita 46, nusu yake 23. Kitu chenye nusu kitako 23 na kitovu kwenye 100 kinapinduka kikiinama nyuzi 13 tu. Kwa upande mrefu wa inchi 27 kinavumilia mpaka kama nyuzi 19. Na hapo sijatoa zile sentimita ambazo kasta, yaani hayo matairi madogo, zimeingia ndani kutoka kwenye ukingo, ukizitoa inapungua zaidi.

Sasa sakafu ya kontena iko juu ya ardhi sentimita 15 mpaka 17 hivi. Rampu yako ina urefu gani? Ikiwa ya mita moja huo mteremko ni nyuzi 9. Ukiupandisha mnara wa kilo 360 ukiwa umenyooka utapita, lakini tairi moja likikwama kwenye kizingiti mnara ukageuka kiubavu palepale kwenye rampu, umebaki na nyuzi 4 za usalama. Kijana anayeusukuma anakuwa upande wa chini. Huyo ndiye namfikiria mimi.

Jingine ni kasta. Kanuni ni kugawa uzito kwa tatu na siyo kwa nne, kwa sababu kwenye ardhi isiyo sawa kuna tairi moja linaning'inia muda wote. Kilo 360 kwa tatu ni 120 kila tairi. Zile kasta zilizokuja na boksi zilipangiwa boksi moja na sakafu ya saruji laini, wewe unatembea kwenye kokoto.

SpanaKumi
Dada umenishtua, rampu yangu ni ya mita moja kweli, ile cheki pleti, bati nene lenye vinundu vya kuzuia kuteleza. Na ni kweli anayesukuma ni kijana, mimi navuta kwa mbele.

fundi_muscat
Salaam aleikum jamani. Niko Muscat kwenye karakana ya magari makubwa. Huku tuluboksi mbili kupandana ni kitu cha kawaida ila ile ya juu inatengenezwa kwa kazi hiyo: haina matairi, ni fupi, na mara nyingi kwenda ndani ni ndogo kuliko ya chini. Mbili za matairi kuzibebanisha sijaona mtu wa maana akifanya. Tena hata hizo zilizotengenezewa, kuna sheria zetu tatu hatuzivunji: vizito vyote chini, droo moja tu wazi kwa wakati mmoja, na ukiisogeza unasukuma, huvuti, ikikushinda unaiacha unakaa pembeni.

Kuna tuluboksi zina kifaa ndani ukifungua droo moja nyingine zinajifunga. Zako ziangalie, mtumba mwingi kifaa hicho kimeshang'olewa. Na ukiwa unaitembeza funga kufuli lake, kwenye rampu droo yenye boksi spana ikichomoka yenyewe inatosha kulala boksi zima. Kufuli kama limekufa weka flatibaa, yaani kipande bapa cha chuma, wima mbele ya droo zote, juu bawaba chini kufuli la kawaida, inasaidia na wizi.

Mzee wa Gerezani
Marahaba binti, hesabu yako imenyooka. Basi nampa SpanaKumi kitu ambacho nimeshamtengenezea mtu wa Chang'ombe, naye yuko kwenye kontena kama wewe.

Usizibebanishe. Ile ya pili itengenezee stendi isiyotembea, ishikane na ukuta wa kontena, miguu minne ya chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50 unene milimita 5, juu yake fremu ya kukalia hiyo tuluboksi isiyo na matairi. Chini ya stendi pabaki wazi. Jioni ile yenye matairi inaingia chini ya stendi inalala hapo, asubuhi inatoka peke yake. Kwa macho zimepandana, sakafu umetumia ya moja, lakini ya chini haijabeba hata kilo moja ya mwenzake. Na kwenye rampu unasukuma kilo 180 fupi, siyo mnara.

Sehemu ambayo mafundi wengi wanakosea ni upana wa ndani ya miguu. Wanapima inchi 27 wanaongeza kidole, wanasahau mkono wa kusukumia uliofungwa ubavuni, ule unatoka nje karibu sentimita 10. Acha sentimita 82 kati ya miguu. Kwenda juu acha sentimita 4 juu ya tuluboksi ya chini maana kokoto ikiingia chini ya tairi boksi linanyanyuka. Vyuma vya kukaza weka nyuma na ubavuni tu, mbele pasiwe na kitu cha kukwaza matairi.

Dada Bolti
Mzee hapo umemaliza. Naongeza la ukutani. Usitoboe ovyo kuta za kontena, kila tundu ni mlango wa mvua na kutu, na Kigamboni hewa yake ya chumvi kila mtu anaijua. Kontena lina vile vipete vya kufungia mizigo, vipo chini kando ya sakafu na vingine juu karibu na dari. Kunja flatibaa kama ndoano, ishike kipete cha juu, mwisho wake wa pili ufunge kwenye stendi kwa bolti ya M10, kushoto na kulia. Stendi haitaangukia mbele hata mtu akifungua droo mbili kwa pamoja. Miguu iwekee kisahani cha chuma kila mmoja, na uipange kwenye ile mistari ya skrubu inayoonekana sakafuni, chini ya mistari hiyo ndipo yalipo mataruma ya chuma, katikati ya mistari ni plaiwudi tu ya milimita 28.

SpanaKumi
Aisee hii ndiyo kitu nilikuwa naitafuta na sikujua. Nimeenda kupima sasa hivi. Chini mita moja, nafasi sentimita 4, tuluboksi ya juu inaanzia 104 inaishia 188 na dari liko kwenye mita 2.39 kwa hiyo inaingia vizuri. Lakini mimi mtu wa futi tano na nusu, zile droo tatu za juu siwezi kuona ndani yake hata nikisimama kwa vidole. Nifanyeje, nipunguze matairi ya chini?

pwani_karakana
Matairi usiguse, kwenye kokoto ukiweka madogo utalia. Kama ni kubadilisha weka makubwa ya mpira kamili.

Mzee wa Gerezani
Droo tatu za juu toa pamoja na reli zake. Pale palipobaki wazi pigia kipande cha plaiwudi kama sakafu, ukiweza weka na kimlango cha bati chenye bawaba upande wa juu. Weka vitu vyepesi tu, gasketi, oili sili, filta, tochi, vitu ambavyo unavijua kwa boksi lake huhitaji kuchungulia. Na zile droo ulizotoa usizitupe, zifunge chini ya meza yako ya vaisi. Reli inataka nafasi ya nusu inchi kila upande, milimita 12 na nusu hivi, kwa hiyo pigilia mbao mbili zikitazamana, upana kati yao uwe upana wa droo ujumlishe inchi moja. Fundi seremala yeyote wa Keko anafanya bila kuuliza.

mkaguzi_wa_spea
Jamani mimi nasoma tu ila naomba kuongeza kwenye mpangilio maana uzi huu nauhifadhi. Vizito viende kwenye ile ya matairi, droo za chini kabisa: nyundo, spana za malori, puli. Hiyo ya kwenye stendi iwe na vya kupimia na vya mara moja moja, toki renchi, faili, tapu na dai za kukatia nyuzi za bolti. Ndani ya droo kata paipu ya PVC kwa urefu katikati ulaze boksi spana kwenye mfereji wake kwa kufuatana namba, jioni ukifunga unaona kwa jicho moja ipi haijarudi. Kabla hujapanga pangusa kila kifaa na kitambaa chenye oili safi, kontena likishinda juani usiku likapoa maji yanajitengeneza kwenye dari na yanadondoka.

SpanaKumi
Nimekuelewa. Mzee, ile rampu nayo tuirefushe? Na vyuma vya stendi niagize mita ngapi?

Mzee wa Gerezani
Rampu ifanye mita moja na nusu, mteremko unashuka mpaka nyuzi 6, kijana atasukuma kilo 20 na kidogo badala ya 30. Pembeni ipigie ukingo wa sentimita 3 tairi lisitoke.

Vyuma: miguu minne ya mita 1.04, fremu ya juu mbili za sentimita 82 na mbili za 46, nyuma ya chini moja ya 82, ubavuni mbili za 46, jumla ni kama mita nane na nusu, kwa hiyo nunua vipande viwili vya mita 6, kitakachobaki tengenezea ukingo wa rampu. Stendi yenyewe chomelea huko nje, mbali na sakafu ya plaiwudi, piga redi oksaidi mikono miwili halafu rangi, ndipo uingize. Tuluboksi juu ya stendi ikae kwa bolti zile zile zilizokuwa zinashika kasta, matundu yapo tayari, weka washa pana.

Dada Bolti
Na siku ya kuipandisha iwe tupu, droo zote nje, watu watatu. Ukishakaza ndoano za ukutani ndipo urudishe droo, ukianza na za chini. Tuma picha kaka.

SpanaKumi
Nitatuma dada. Kesho asubuhi naenda kununua vyuma.