Siku ya taaluma shuleni: nimwalike nani, na nimzuieje asihutubu?

Mwalimu wa Kilimo, Luanda (Vihiga)

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha Kilimo sekondari msingi, shule ya kutwa huku karibu na Luanda. Mwenzangu wa ushauri nasaha alipata uhamisho, nami nikaachiwa ofisi yake yenye kitasa kibovu na rundo la mabango ya kuonya dhidi ya mihadarati. Muhula huu Gredi ya 9 wanachagua mkondo wa kwenda nao Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mwalimu mkuu amenipa Alhamisi moja, nauli ya wageni wachache, na soda.

Shida yangu ni kwamba huja walewale. Wakili mzaliwa wa hapa, mchungaji, na kijana anayesomea urubani. Wakili huanza na "mimi pia nilitembea pekupeku kama nyinyi", anapigiwa makofi, anamalizia na "mkijitahidi mtafika". Wafike wapi, hasemi. Mwaka jana baada ya hotuba niliwaomba waandike kazi wanazotaka. Daktari, rubani, wakili, daktari. Msichana mmoja aliandika daktari wa upasuaji, jirani yake alipomuuliza huyo hufanya nini kutwa nzima, akajibu, "Anaandika."

Na hawa ni watoto ambao wakitoka getini wanakutana na fundi wa pikipiki, muuza dawa za mifugo, wapima ardhi na vifaa vyao vya miguu mitatu kando ya barabara, na lori la majani chai likielekea kiwanda cha Mudete. Hakuna hata mmoja aliyeandika kazi kama hizo. Siwalaumu.

Basi nimwalike nani? Na nikishamwalika, nifanyeje asigeuke mhubiri?

Fundi Stima, Chavakali

Mulembe mwalimu. Alika fundi mwenye leseni na fundi asiye nayo, wakae benchi moja.

Mimi nilikuwa asiye nayo kwa muda mrefu. Natandaza nyaya nyumba nzima, nafunga soketi na swichi, natoka darini nywele zimejaa vumbi. Lakini Kenya Power hawaleti mita mpaka waone cheti cha wiring chenye sahihi ya fundi aliyesajiliwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Basi mwenye nyumba anampigia huyo, anakuja na bodaboda, anazunguka vyumba, anatia sahihi, analipwa, anaenda. Kazi yangu, sahihi yake. Hiyo ndiyo iliyonipeleka kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, pale Kisumu, ngazi ya chini kwanza. Mwalimu, hakuna mtu aliyeniambia shuleni kwamba mkono bila karatasi hulipwa nusu. Mimi nilidhani karatasi ni za watu wa ofisini.

Kuhusu hotuba: mpigie mgeni simu mapema, mwambie asije mikono mitupu. Mimi naweza kuleta ubao wenye taa mbili na soketi, moja nimeiunga vibaya makusudi. Waitafute wenyewe. Mtu akiwa na bisibisi mkononi hahubiri.

Nesi wa Zamu, Busia

Mwalimu, mimi nina ombi moja tu: usimruhusu mgeni yeyote kutaja gredi yake.

Kila ninapoitwa shule, mkono wa kwanza kupanda ni "sista, ulipata ngapi?" Nami nilikuwa nikijibu. Siku hizi sijibu. Hao wako hawatafanya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa zamani; ya mwisho ni 2027, na wao hawatakuwa ndani. Ukiwapa hesabu ya C+ unawapa ramani ya mji uliobomolewa. Waambiwe yanayowahusu: kwamba STEM yenyewe ina matawi, sayansi halisi, sayansi tumizi na masomo ya kiufundi, na kwamba ndani ya mkondo unachagua masomo matatu. Mtoto anayetaka uuguzi akichukua matatu yasiyo na Baiolojia, ameandika STEM bure.

Halafu wageni waulizwe maswali ya kazi. Jana ulifika saa ngapi? Ulishika nini kwanza? Nani alikukasirisha? Mimi jana nilipokea wadi jioni, nikahesabu wagonjwa na dripu kitanda kwa kitanda na mwenzangu wa mchana, kisha usiku kucha nikaandika: joto, presha, dawa iliyotolewa na saa yake. Kwa hivyo huyo msichana wako aliyesema "anaandika" msimcheke, amekaribia.

Mama Samaki, Dunga

Walimu mnaongea vizuri lakini mmetusahau sisi. Mtoto hachagui peke yake. Baba yake alisikia redioni kwamba serikali inalenga asilimia 60 waende STEM, basi kwake yakaisha hapo. Binti yangu alikuwa anataka yale masomo ya uvuvi na mambo ya majini, tena yamo ndani ya hiyo hiyo STEM! Baba akafurahi, mimi nikafurahi. Tukajaza fomu ya kuchagua shule. Akaitwa shule nzuri tu, majengo mazuri, kufika Gredi ya 10 somo lenyewe halifundishwi pale. Sasa anasoma alichokipata.

Waiteni wazazi siku hiyo, hata tukae nyuma. Na kabla ya mgeni yeyote, tuonyesheni shule ipi inafundisha somo lipi.

Wakili wa Kakamega

Nimesoma nikajiona. Sawa, mwalimu, nitakuja bila hotuba. Nitaleta faili la kesi ya shamba, majina nimeyafuta, wanafunzi waniambie nani ana haki. Nitawaambia pia kwamba baada ya miaka 4 ya chuo kikuu bado kuna Kenya School of Law, chuo cha kuwaandaa mawakili, na miezi 6 ya kumbebea wakili mwingine mafaili. Wengi hapo watabadilisha nia. Nauli sitaki.

Mwalimu wa Kilimo, Luanda (Vihiga)

Asanteni sana. Wakili, umekubalika, ila utazungumza wa mwisho. Maswali ya Nesi nimeshayaandika ubaoni, yule wa urubani nitamtumia mapema.

Mama Samaki, pole. Orodha ya shule na masomo yake nitaibandika ukutani wiki nzima kabla, na barua za wazazi zinatoka Jumatatu. Kina baba nitawaita kwa majina, maana barua ya "mzazi" husomwa na mama pekee.

Fundi, njoo saa tatu. Darasa la Gredi ya 9 halina stima, kwa hivyo ubao wako tutauweka kwenye veranda ya ofisi, waya upite dirishani. Una ekstensheni ndefu?

Fundi Stima, Chavakali

Ninayo. Mita 20.