Kundi la Ukoo: Zuhura achague masomo gani?

Mama Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Zuhura amemaliza mitihani ya mwaka wa kwanza, alhamdulillahi. Sasa tunataka ushauri wa wakubwa. Hapa chuoni Cork, Ayalandi, mwaka wa kwanza wanachukua masomo manne, mwaka wa pili wanabaki na mawili. Fomu mwisho Ijumaa.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Waaleikum salaam. Hongera mwanangu 🎉🎉

Mjomba Salim: Hongera sana. Hayo manne ni yapi?

Zuhura: Shikamooni nyote. Ustaarabu wa Kikelti, Historia ya Sanaa, Historia, na Uchumi.

Mjomba Salim: Marahaba. Basi hapo hapana kikao. Uchumi na Historia. Jaza leo ulale.

Zuhura: Mjomba, Uchumi ndio ninaotaka kuuacha 🙈

Ba Mkubwa Athumani: Shemeji Salim keshanuna huko Dar 😂

Mjomba Salim: Sijanuna shemeji. Nauliza tu: Wakelti ndio nani, na wanalipa mshahara kiasi gani?

Mama Zuhura: Hilo swali mimi ninalo tangu siku ya kwanza.

Rehema: Mwacheni aeleze jamani. Zuhura, andika, tunasoma.

Zuhura: Kwa lugha, Wakelti ni wanaozungumza Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kimanksi, Kiwelisi, Kikornishi na Kibretoni cha kule Ufaransa. Lugha hizo ni ndugu. Aliyezipanga ukoo mmoja kwa ushahidi ni Edward Lhuyd wa Welisi, mwaka 1707. Kabla ya hapo Muayalandi hakujiita Mkelti hata siku moja. Wagiriki na Warumi walilitumia jina hilo kwa watu wa bara la Ulaya, siyo wa visiwa hivi.

Mjomba Salim: Kwa hiyo unasomea watu waliopewa jina baada ya kufa.

Zuhura: 😂 Wapo walimu wa akiolojia, kama Simon James, waliosema karibu hivyo hivyo miaka ya 1990, na ugomvi wake haujaisha mpaka leo. Ndiyo maana somo ni tamu. Lugha inasema hili, vitu vilivyochimbwa ardhini vinasema lile, na Warumi walioandika walikuwa maadui.

Mjomba Salim: Utamu sio mshahara.

Zuhura: Uchumi umo humo humo Mjomba. Hallstatt, Austria, kuna mgodi wa chumvi wa kale sana. Kuanzia 1846 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alifukua karibu makaburi 1,000, na kila alichokikuta kikachorwa kwa rangi. Chumvi ilikuwa mali. Kuna upanga wenye mpini wa pembe ya ndovu uliopambwa kwa kaharabu. Pembe haikuota Austria. Halafu kuna Vix, Ufaransa, kaburi la mwanamke wa yapata 500 KK, lilifunguliwa 1953. Kazikwa na mkufu wa dhahabu na mtungi wa shaba wa kazi ya Wagiriki, mita 1.64 kwenda juu, unachukua lita 1,100.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Lita elfu na mia moja!! Huyo mama alikuwa na shughuli gani?

Ba Mkubwa Athumani: Huyo ndiye angechangia harusi ya Juma, siyo nyie mnaotuma elfu kumi.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Nyie 😂😂

Zuhura: Mtungi wa mvinyo, Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Astaghafirullah. Basi.

Bibi *(ujumbe wa sauti, Rehema ameuandika kwa wasiosikia vizuri)*: Zuhura mjukuu wangu, nimesikia. Hao watu walikuwa na dini gani? Na wewe unaposoma habari zao, sala zako unasali?

Zuhura: Shikamoo Bibi. Nasali Bibi wangu 🙏🏾 Zamani walikuwa na miungu yao, na wanazuoni wao waliitwa madruidi. Julius Caesar, aliyewapiga vita huko Gallia (Ufaransa ya leo) kuanzia 58 KK, anasema wanafunzi wengine walikaa hadi miaka 20 wakihifadhi beti kwa kichwa, kwa sababu mambo ya dini hayakuruhusiwa kuandikwa. Ndiyo sababu tunayajua kidogo tu, tena kwa mdomo wa adui.

Bibi *(sauti)*: Miaka ishirini siyo mchezo. Siyo kama nyinyi, nambari ya simu ya mama yako huijui kwa kichwa.

Mama Zuhura: Kweli haijui 😅

Zuhura: Baadaye Ayalandi ikaingia Ukristo, karne ya tano, na watawa ndio waliokuja kuziandika hadithi za zamani. Na hapo, Ba Mkubwa, nina kitu chako. Subiri nitume picha.

Zuhura: *[picha]* Hii inaitwa Bizimu ya Tara. Iko Makumbusho ya Taifa, Dublin. Ya karibu mwaka 700. Ilikuwa ya kufungia joho.

Ba Mkubwa Athumani: Ngoja nivae miwani.

Ba Mkubwa Athumani: Aisee.

Ba Mkubwa Athumani: Hii upana wake kiasi gani?

Zuhura: Pete haifiki sentimita 9. Sindano ndiyo ndefu.

Ba Mkubwa Athumani: Haiwezekani. Hebu tazameni jamani. Hapo kuna waya wa dhahabu mwembamba kama unywele, umesukwa ukawa mnyama, halafu mnyama anajiuma mkia, na kila kijumba kina mnyama wake. Mimi nimekaa dukani tangu kijana, nina lenzi na taa, na hiyo siithubutu. Kulehemu waya wa namna hiyo, moto ukizidi kidogo tu yote inayeyuka inakuwa tone. Na wao walikuwa na mkaa na mrija wa kupulizia kwa mdomo. Je, ni dhahabu tupu?

Zuhura: Hapana, mwili ni fedha iliyopakwa dhahabu. Vijumba ndivyo vya dhahabu, na vipande vya kaharabu na vioo. Mnyororo ni wa waya wa fedha uliosukwa. Na kinachoshangaza, nyuma kumepambwa sawasawa na mbele.

Ba Mkubwa Athumani: Nyuma? Pasipoonekana?

Zuhura: Ndiyo, panapolalia nguo.

Ba Mkubwa Athumani: Basi huyo sonara hakuwa anafanyia wateja. Mtoto asome sanaa, mimi nimeshapiga kura.

Mjomba Salim: Shemeji umenunuliwa kwa picha moja.

Rehema: Tara si kile kilima cha wafalme wa Ayalandi? Ilikuwa ya mfalme?

Zuhura: Dada Rehema, hapo ndipo Historia inapoingia. Haihusiani na Tara kabisa. Ilipatikana 1850 Bettystown, pwani ya kaunti ya Meath, na habari ya namna ilivyopatikana ina mkanganyiko. Ikafika kwa sonara tajiri wa Dublin, George Waterhouse. Yeye ndiye aliyeipa jina la Tara, kwa sababu alikuwa anatengeneza nakala za kuuza na jina la kilima cha wafalme linauza. Mwaka 1851 akaipeleka kwenye Maonyesho Makuu London. Kwa hiyo mwenye Historia ya Sanaa atakwambia imetengenezwaje na lini. Mwenye Historia atakwambia nani alikudanganya na alipata faida gani.

Ba Mkubwa Athumani: Waterhouse namwelewa sana. Hata hapa mtaani kikuku cha juzi kinaitwa cha bibi.

Mjomba Salim: Sasa hiyo biashara ya jina ndiyo Uchumi! Umejijibu mwenyewe.

Zuhura: 😂 Mjomba!

Rehema: Na mimi niseme neno kama mwalimu. Mjomba unashangaa Mswahili kusoma Wakelti. Berlin walifungua seminari ya lugha za Mashariki 1887 na Kiswahili kikafundishwa hapo. Tunajua sababu, walikuwa wanaitaka nchi yetu. Lakini hapo hapo chuo cha Berlin, 1901, wakamweka Heinrich Zimmer kuwa profesa wa Kikelti, na Ayalandi hawakuwa na koloni. Sarufi ya Kiayalandi cha Kale imeinuliwa sana na Wajerumani na Waswisi. Mgeni akisoma lugha ya watu siyo kituko.

Zuhura: Tena maandishi ya Kiayalandi cha Kale mengi hayako Ayalandi. Watawa walihama na vitabu vyao. Yako Würzburg Ujerumani, Milano Italia, St. Gallen Uswisi. Wanafunzi waliandika maelezo pembeni mwa vitabu vya Kilatini. Kule St. Gallen kuna mtawa, karne ya tisa, kaandika pembezoni mwa kitabu cha sarufi: upepo usiku huu ni mkali, unavuruga nywele nyeupe za bahari, kwa hiyo siogopi mashujaa wa Norwe kuvuka.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Anafurahia dhoruba kwa sababu maharamia hawatoki!

Zuhura: Haswa. Kitabu cha sarufi kinachosha, nje Waviking wanachinja watu. Mwaka 806 waliua watawa 68 kisiwani Iona, Uskoti. Inasemekana Kitabu cha Kells, ile Injili yenye michoro mizuri kupita zote, kilianzwa huko Iona karibu mwaka 800 kisha kikakimbizwa Kells, Ayalandi. Sasa kiko Chuo cha Trinity, Dublin. Karatasi 340 za ngozi ya ndama.

Bibi *(sauti)*: Kitabu cha dini kinaandikwa kwa heshima. Hilo nimelipenda.

Mjomba Salim: Sawa. Nimesoma yote, hata la upepo. Sasa swali la baba mjomba liko pale pale. Akimaliza anaajiriwa wapi? Na mwaka wa pili anajifunza nini cha kushika mkononi?

Zuhura: Makumbusho, nyaraka, uchapishaji, ualimu, watalii, idara za mambo ya kale. Sitakudanganya kwamba nafasi ni nyingi. Lakini Mjomba, wewe wa kompyuta za benki, hesabu za ndiyo na siyo unazitumia kila siku. Aliyezianzisha, George Boole, alikuwa profesa wa hisabati wa kwanza hapa hapa Cork, kuanzia 1849. Maktaba yetu ina jina lake.

Mjomba Salim: Boole huyo huyo?

Zuhura: Huyo huyo.

Mjomba Salim: Hm. Lakini Boole hakusomea mitungi.

Mama Zuhura: 🤣🤣

Zuhura: Haya, kuna na sheria. Mwaka 1980 baba na mwanawe walipita na kifaa cha kutafutia madini kwenye monasteri ya kale Derrynaflan, Tipperary. Wakatoka na kikombe cha ibada cha fedha, sinia na chujio, vya karne ya nane na ya tisa. Wakavipeleka makumbusho ya Dublin, lakini baadaye wakadai vitu au thamani yake. Serikali ikasema hazina ni yake, kama ilivyokuwa ya mfalme wa Uingereza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, hukumu 1987.

Mjomba Salim: Nani alishinda?

Zuhura: Serikali, lakini siyo kwa hoja yake. Majaji walisema haki ile ya mfalme haikurithiwa na jamhuri. Ila taifa huru, kwa kuwa ni huru, lina haki ya vitu vya kale visivyo na mwenyewe. Wapataji wakapewa zawadi ya pauni 50,000. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya wazi kabisa.

Mjomba Salim: Aaah. Hiyo ni hukumu nzuri. Walikataa urithi wa mkoloni na bado mali ikabaki kwa wananchi.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Naona Salim anageuka.

Mjomba Salim: Sijageuka dada. Nasema hapo pana kazi ya mtu mwenye akili. Mikataba, bima, kurudisha mali kwa wenyewe. Nchi zetu nazo zina madai yao Ulaya.

Rehema: Ndiyo hapo sasa.

Mama Zuhura: Nami niseme. Mwezi uliopita alinipeleka chuoni, kuna ukumbi wa mawe ya Ogamu, yale maandishi ya kale ya mistari, 28, wameyasimamisha ukutani. Mimi naona mikwaruzo tu. Yeye akayasoma kutoka chini kwenda juu: fulani mwana wa fulani, fulani mwana wa fulani. Kama makaburi yetu. Nikanyamaza.

Rehema: Nitawaambia wanafunzi wangu nikiwapeleka kwenye makaburi ya kale ya Tongoni.

Zuhura: Na kanisa la Honan ulilipenda, mama.

Mama Zuhura: Vile vioo! Bluu yake sijaiona popote.

Zuhura: Ni kazi ya Harry Clarke, fundi wa vioo vya rangi, madirisha 11. Kanisa lilifunguliwa 1916, mwaka ule ule wa maasi ya Dublin dhidi ya Waingereza. Walichukua nakshi za miaka elfu nyuma makusudi, waseme sisi siyo Waingereza. Hiyo ndiyo mada ninayoitaka mwaka wa tatu: nani aliamua hii iitwe sanaa ya Kikelti, na kwa faida ya nani.

Ba Mkubwa Athumani: Kwa hiyo mawili ni Kikelti na Sanaa?

Zuhura: Ndiyo, inshallah.

Mjomba Salim: Hapana, ngoja. Kikelti na Historia. Ile kesi imetoka kwenye historia.

Ba Mkubwa Athumani: Kesi isingekuwepo bila kikombe, na kikombe ni kazi ya sonara.

Mjomba Salim: Shemeji, kikombe kilikaa shimoni miaka elfu, hakuna aliyekula.

Bibi *(sauti)*: Salim, Athumani, mtoto ameshasema anachokitaka. Nyie mnagombea fomu ya nani?

Mjomba Salim: Sawa mama. Lakini Zuhura, masomo ya sheria ya urithi yakitokea kama ya ziada, chukua. Na unitumie hukumu yenyewe nisome, siyo muhtasari.

Zuhura: Natuma usiku huu Mjomba. Asante ❤️

Ba Mkubwa Athumani: Mimi nitumie picha ya nyuma ya hiyo bizimu. Ya karibu kabisa.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Haya, tumemaliza la Zuhura. Harusi ya Juma, wasiochanga mpaka leo nawajua kwa majina, naanza kuyabandika hapa.