Hawa jamaa wa maji walikuja lini kupima choo changu?

Wakuu, leo sina salamu. Nikitulia nitasalimia.

Nimetoka sasa hivi kwa wale wenyewe. Mnawajua. Wale ambao maji yakikatika hawapokei simu, ila bili yao haijawahi kukatika hata siku moja. Naandika nikiwa kwa kinyozi hapa Isevya, Tabora, mikono inatetemeka mpaka kinyozi kaniuliza kama nimefiwa.

Bili ya mwezi huu imekuja kwa meseji. Maji uniti 11. Sawa, sina ugomvi, tuko sita nyumbani na mama mkwe anafua utadhani ana zabuni ya hospitali. Sasa shuka chini kidogo: kuna mstari mpya, MAJITAKA. Majitaka gani jamani? Natumia choo cha shimo! Kiko nyuma ya nyumba chini ya mwembe, mlango wa bati, tulikichimba mwaka aliozaliwa kitinda mimba wangu. Bomba la majitaka mtaani kwetu tunalisikia redioni tu.

Nikaenda dirishani. Mnalijua lile dirisha, tundu lake wameliweka usawa wa kiuno ili uongee nao umeinama kama unaomba radhi. Ndani yuko dada mmoja, umri wa mwanangu wa pili, anamenya karanga. Nikapitisha karatasi niliyoandika namba ya mita na jina. Akaiweka mbele yake, yale maganda mekundu yakawa yanadondokea juu ya jina langu. Nikaeleza taratibu: binti yangu, sina chemba, sina bomba, nina shimo. Akayapuliza maganda, fuuu, akanitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Kwani baba, maji ukishayanywa yanaenda wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi kacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kacheka mpaka mtoto akaamka, na mtoto naye akacheka! Nina miaka 56, nimelea, nimeozesha, leo naulizwa mbele za watu maji yangu yanaenda wapi. Yanaenda wapi! Ulitaka nikuchoree ramani?

Nimelipa. Ndiyo, nimelipa, msinisumbue. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa umeme.

Mchembe Mkavu:
Mkuu pole. Ila swali hujalijibu. Yanaenda wapi?

Binti wa Nyuki:
😂😂😂 Mtoto wa mgongoni ndiye kaniua.

Koki Mbovu:
Ngoja niwasaidie kabla hamjaharibu. Majitaka hayana mita, hakuna anayepima kinachotoka kwako. Wanachukua uniti za maji safi ulizotumia, wanapigia hesabu humo. Mainjinia huchukulia kwamba kama asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hurudi kama majitaka, ile 20 inayobaki ni ya kunywa, kupikia, kumwagilia na kukauka juani. Lakini hiyo ni kwa nyumba iliyounganishwa na mtandao wa majitaka. Mleta uzi kama una shimo hupaswi kutozwa. Inaonekana akaunti yako imewekwa kundi lisilo lako. Andika barua, waje waone kwa macho, waufute huo mstari na wakurudishie hela kwenye bili inayofuata. Wakikaidi panda EWURA, ndio wanaopitisha bei zao.

Mleta uzi:
Subiri kwanza. Asilimia 80 ya uniti 11 ni uniti 8.8. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo wanadai mwezi huu nimewapelekea ndoo 440 za majitaka. 440! Nimezipeleka lini? Kwa bodaboda? Na wakazipokelea wapi, kwenye lile tundu la dirisha? Halafu ananiuliza mimi yanaenda wapi, wakati yeye ndiye kaandikiwa risiti ya kuyapokea!

Mchembe Mkavu:
Mkuu ungemjibu hivyo pale pale leo ungekuwa mbunge. Umekuja kumjibu kwa kinyozi.

Mtu wa Cheyo:
Wewe unalia na uniti 11? Mimi nimeandikiwa 41, na nakaa peke yangu. Kwa hesabu yako hizo ni ndoo 2,050, kama 68 kwa siku. Hata tembo wa Ugalla hanywi hivyo. Mita ilikuwa inazunguka usiku maji hayapo, naisikia kabisa trrrrr.

Koki Mbovu:
Ule ni upepo mkuu. Maji yakikatika bomba linajaa hewa, yakirudi yanaisukuma ile hewa mbele na mita inahesabu. Funga koki ya baada ya mita yakiwa yamekatika, yakirudi mwaga kwanza taratibu. Na kabla ya kulia, funga koki zote ndani halafu tazama mita. Ikizunguka, una bomba linavuja chini. Isipozunguka, nenda kaombe mita yako ipimwe, ni haki yako.

Mtu wa Cheyo:
Kwa hiyo nimenunua upepo wa laki kasoro.

Mzee wa Kibirizi:
Nyie Tabora mnatia huruma. Huku Kigoma tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, unalitazama ukiwa umekaa uani. Na bado ndoo nainunua kwa mkokoteni. Mimi nafungua uzi wangu.

Binti wa Nyuki:
Usifungue, malizia hapa hapa, tuna nafasi.

Mtani wa Nzega:
Maji yenu Tabora ni ya Ziwa Victoria. Yamechotwa Ihelele kule Misungwi, yakapita Solwa, yakapita kwetu Nzega, yanafika kwenu yamechoka. Hiyo bili ni nauli, lipeni mkae kimya.

Mama Vyumba Nane:
Nyie wenye mita zenu mnalalamika nini? Mimi nimepanga Ng'ambo, tuko vyumba nane mita moja. Mwenye nyumba anagawa kwa vichwa. Chumba namba tatu ni baba na mama na watoto watano, ila watoto wanahesabika nusu, eti hawaoshi vyombo. Mtoto wa nusu anaoga mara tatu! Na kaka wa chumba namba saba anaosha pikipiki kila jioni kwa mpira, povu linapita mlangoni kwangu kama Malagarasi. Bili ikija tunalipa sawa. Juzi nikamwambia mwenye nyumba tufunge mita ndogo kila chumba. Akanijibu, "Mwanangu, ujamaa tuliufuata bure?"

Mchembe Mkavu:
Huyo mwenye nyumba apewe ukumbi.

Kaka Namba Saba:
Mama unanisema humu? Pikipiki ndiyo inayonilisha. Na wewe unaloweka dagaa ndoo mbili nasema?

Mama Vyumba Nane:
😳 Wewe uko humu?

Binti wa Nyuki:
Navuta kiti. Kinyozi lete soda.

Mleta uzi:
Wakuu turudi kwenye mada. Yule binti kaniuliza mbele ya foleni YANAENDA WAPI. Kapuliza maganda kwanza. Angeuliza bila kupuliza nisingeumia hivi.

Mtu wa Cheyo:
Mkuu karanga zilikuwa mbichi au za kukaanga?

Mleta uzi:
Za kukaanga. Kuna faida gani kujua?

Koki Mbovu:
Barua umeandika?

Mleta uzi:
Nitaandika. Nikiandika lazima niipeleke dirishani. Yule binti yuko pale Jumatatu hadi Ijumaa.

Mchembe Mkavu:
Tuma mama mkwe. Yeye ndiye mwenye uniti.

Mzee wa Kibirizi:
Samahani mleta uzi, umesema choo kiko chini ya mwembe. Embe gani?

Mleta uzi:
Dodo.

Mzee wa Kibirizi:
Na linazaa vizuri?

Mleta uzi:
Mpaka matawi yanaegemea bati.

Koki Mbovu:
Basi zile ndoo 440 tumezipata.

Mtani wa Nzega:
Njia yote ya misafara, Ujiji mpaka Tabora, ni miembe, lakini hakuna hata mmoja uliolishwa namna hiyo. Msimu ukifika nahitaji tenga mbili. Bei?

Binti wa Nyuki:
Mimi siagizi. Nimeshajua maji yanaenda wapi.

Mleta uzi:
Tenga moja elfu kumi na tano, uje na tenga lako. Mzee wa Kibirizi wewe nitakutumia kwa treni, nauli juu yako.