Wauza kompyuta, acheni kutuuzia hesabu ya kori! Kijana kalizwa laki tisa kwa "mashine ya gemu"

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar. Karibu kila wiki naletewa mashine isiyo na ugonjwa wowote. Mwenyewe analalamika kwamba gemu inakwamakwama, kivinjari kinaganda, feni inapiga kelele kama jenereta. Nafungua, nasafisha, napima, kila kifaa kizima. Mashine ni nzima lakini siyo ile aliyohitaji, na aliyempa anajua.

Safari hii wamemgusa mtoto wa dada yangu. Yuko chuo, alikusanya hela ya bumu na vibarua vya likizo mpaka ikafika laki tisa. Akaenda duka moja Kariakoo na kueleza vizuri kabisa anachotaka: usiku acheze Counter-Strike 2 na EA FC na wenzake, mchana afanye kazi za chuo, yaani Word, Excel, Zoom na kusoma PDF. Wakampa kompyuta ya mezani, dude zito, limebandikwa karatasi ubavuni: KORI 16, MASHINE YA GEMU. (Kori ni sehemu inayofanya kazi ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta.) Muuzaji akafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyofanya kazi, akamwonyesha viboksi 16 na kumhesabia kimoja kimoja. Dogo akalipa.

Nilipoifungua nilikuta Xeon E5-2670. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2012, iliyotengenezwa kwa ajili ya seva na mashine za kazi nzito za maofisini. Kori zake ni 8. Zile 16 ni thredi. Kori moja inapewa foleni mbili za kazi ili isikae bure wakati inasubiri data kutoka kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), lakini misuli inayofanya kazi ni ileile moja. Mtu anayeuza kompyuta kila siku anazijua vizuri tofauti za kori na thredi, hivyo kumhesabia mteja thredi na kuziita kori ni kumdanganya.

Tuendelee. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.6, yaani mipigo bilioni 2.6 kwa sekunde, na ikijikaza sana inafika 3.3, tena pale kori chache tu zinapokuwa kazini. Prosesa hiyo haina uwezo wa picha ndani yake, kwa hiyo wamechomeka kadi ya Quadro K600 yenye GB 1, kadi ndogo ya mwaka 2013 iliyokusudiwa wachoraji wa ramani za majengo. Diski ni ile ya kuzunguka, siyo SSD, ile isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Halafu wanaiita mashine ya gemu! Kwenye Counter-Strike 2, wakirusha bomu la moshi na watu wanne wakatokea kwenye skrini, picha zinakatika mpaka unashtukia umeshakufa.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Dogo alirudi dukani kulalamika. Wakamwambia shida ni RAM, akauziwa nyingine. Akarudi tena. Wakamwambia ni virusi, akalipia kuwekewa Windows upya. Aliporudi mara nyingine wakamwonyesha maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Yaani mtu umemuuzia kitu kisichofaa, halafu unaendelea kumkamua kwa tiba za uongo?

Sasa naomba tuelewane kuhusu hizi kori, maana wanatupigia hapo hapo.

Gemu siyo kazi inayogawanyika vipande sawa. Kuna mkondo mmoja mkuu wa programu unaoamua nani kapigwa, nani kasogea, mpira uko wapi, na kuna mwingine unaopanga amri za kupeleka kwenye kadi ya picha. Kazi nyingine kama sauti, mtandao na kupakia faili zinaweza kugawiwa kori nyingine, lakini zote zinausubiri ule mkuu. Kwenye shughuli ya harusi unaweza kuita watu 16 kumenya vitunguu, lakini kama sufuria ya pilau ni moja na jiko ni moja, wageni watakula pale sufuria itakapoiva. Gene Amdahl, mhandisi aliyewahi kuwa IBM, alilieleza jambo hili tangu mwaka 1967. Ikiwa nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukiongeza kori elfu hutavuka mara mbili ya kasi uliyoanza nayo.

Kwa hiyo cha kwanza kuuliza ni kori moja ina nguvu kiasi gani, na hapo gigahezi peke yake haitoshi. Kori ya 2022 inamaliza maelekezo mengi zaidi katika mpigo mmoja kuliko kori ya 2012. Core i3-12100, iliyotoka mwanzoni mwa 2022, ina kori 4 tu. Madukani wanaidharau kwa sababu imeandikwa i3. Lakini kori yake moja inafika gigahezi 4.3 na ina nguvu karibu mara mbili au zaidi ya kori moja ya ile Xeon, na kwenye gemu inaiacha mbali sana. Inafanya hivyo kwa wati 60 za kawaida, wakati Xeon ile imepangiwa wati 115. Anayelipa LUKU anaelewa maana yake.

Kuna anayebisha kwamba nalinganisha mzee na kijana? Basi chukua prosesa za kampuni moja, kizazi kimoja. AMD walikuwa na Ryzen 9 5950X yenye kori 16. Aprili 2022 wakatoa Ryzen 7 5800X3D yenye kori 8, nusu yake, na kwa gigahezi iko chini. Walichoongeza ni kashe, ile kumbukumbu ya karibu na kori, ikafika MB 96. Kwenye gemu nyingi yenye kori 8 ikaipita yenye kori 16. Kori nane zilizosogezewa data karibu zimezishinda kori kumi na sita!

Na msidhani ubishi huu wa kuhesabu kori ni wa Kariakoo tu. AMD hao hao waliuza FX-8150 na FX-8350 kama prosesa za kori 8, kumbe kila kori mbili ziliwekwa kwenye moduli moja zikigawana baadhi ya vifaa, ikiwemo sehemu ya kukokotoa hesabu za desimali. Wanunuzi wa California wakawashtaki, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 12.1 kuimaliza kesi. Bado FX-8350 nazikuta mtaani zikinadiwa kwa kori zake 8.

Kwenye laptopu ndiyo usiseme. "Hii i7 hii, chukua tu." i7 gani? Core i7-7500U ina kori 2. Mbili! Hata i7-4600U, zilizojaa kwenye mitumba ya maofisi ya Ulaya, ni kori 2. Herufi U maana yake imetengenezwa kula umeme kidogo ili betri idumu, siyo kucheza gemu. Na sasa wamepata mpya: Core i5-1235U, "ina kori kumi braza". Ni kweli ni kumi, lakini 2 ndizo kubwa zenye nguvu na 8 ni ndogo za kubana umeme. Kwa kazi za ofisi ni laptopu nzuri sana, naipendekeza kwa moyo mweupe. Ila ukimuuzia mtu wa gemu kwa sababu ya hiyo kumi, umemuibia.

Wale wa kuhariri video, kutengeneza picha za 3D kwenye Blender, au kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) kadhaa kwa pamoja, nyie kori nyingi zinawafaa kweli, kazi zenu zinagawanyika. Siwasemi nyie. Namsema muuzaji anayemsikia mteja akitaja gemu na kazi za chuo, kisha anampa seva.

Kwa matumizi ya kila siku mambo ni mepesi mno mpaka hasira zinanipanda. Kori 4 za miaka ya karibuni, RAM ya GB 8 au zaidi, na SSD. Narudia, SSD. Mashine nyingi ninazoletewa kwamba "prosesa imechoka" zinapona palepale nikitoa diski ya kuzunguka. Lakini SSD haina tarakimu ya kumtisha mteja, ndiyo maana wanairuka.

Kwa gemu, kiini cha bajeti ni kadi ya picha. Laki tisa ya yule dogo ingeenda hivi: mtumba wa ofisi wenye Core i5-8500, kori 6, toleo la 2018, SSD, RAM vipande viwili badala ya kimoja, na hela yote inayobaki iende kwenye kadi. Vile viboksi vidogo vya ofisi pawa saplai zake mara nyingi hazina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo tafuta kama GTX 1650 fupi inayotosheka na wati 75 za kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Anayejenga mpya aangalie Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, zote kori 6. Hiyo F maana yake haina picha ndani, bila kadi skrini haitawaka, na hili nalo wauzaji hawasemi. Asiye na hela ya kadi kabisa achukue Ryzen 5 5600G, aweke RAM mbili, kwa sababu picha zake zinategemea RAM hiyo hiyo.

Tena i5-8500 inakubalika rasmi kwenye Windows 11, kwa kuwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Xeon ya 2012 haikubaliki, na Microsoft walishafunga matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Dogo kauziwa mashine ambayo hata mlango wa mbele umefungwa.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayahalalishi kubandika KORI 16 kwenye kitu chenye kori 8. Nimepiga picha ile karatasi ya ubavuni, risiti ninayo, na skrini ya CPU-Z, programu ya kutambua prosesa, inaonyesha jina kamili la prosesa. Wakikataa kurudisha hela, malalamiko yanakwenda kwa maandishi.

Wakuu mnaotaka kununua, msilipe kabla ya kuona jina kamili: i7 peke yake siyo jina, Xeon peke yake siyo jina. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa prosesa mwenyewe. Andikeni hapa chini modeli yote na tarakimu zake, kadi ya picha, aina ya diski na mnachotaka kufanyia, nitamjibu kila mmoja. Na wauzaji mliomo humu, najua mpo, njooni mtueleze mnavyozihesabu hizo kori.