Mrejesho: zile picha laini za ndege

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini ndege zinazotua Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, zinatoka laini (si kali, kama zimefifia) kwenye picha zangu, hata herufi za usajili zinazoanza na 5Y, alama ya ndege za Kenya, hazisomeki, nikidhani lenzi yangu ya milimita 600 imeharibika. Mliosema ni joto, mlipatia. Nilikuwa napiga saa saba mchana, ndege ikiwa mbali; hewa ya moto juu ya lami inapindisha mwanga, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Kwanza nilijaribu lenzi kwa kupiga picha ukuta wa jirani: picha kali kabisa! Jumamosi nikaenda Port Reitz, karibu na uwanja, saa moja asubuhi, nikasubiri ndege ikaribie, kasi ya shata (muda kamera inapopokea mwanga) sekunde 1/1600. Herufi zote zinasomeka. Filta, kile kioo cha mbele ya lenzi, nayo nimeitoa, tofauti ndogo tu. Asanteni sana, nimefurahi mno.