Programu ya mizani ya Windows inafunguka kwenye Linux, ila uzito hausomi

Karani_Mwaloni

Habari za jioni wadau. Mimi ni mama wa makamo, karani wa mizani hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Tunapokea sangara na sato kutoka visiwani, na mabondo pia, yaani vile vibofu vya hewa vya sangara. Hayo mabondo ndiyo yaliyonileta hapa. Sangara ukikosea robo kilo mtaelewana, lakini bondo ukimpunja mtu gramu chache tu unaitwa mwizi mbele za watu, na wanawake wa dagaa pembeni wanaitikia.

Kompyuta ya ofisini ni ya mezani, ya kitambo, RAM 4. Windows 10 ilipofikia mwisho wa masasisho Oktoba 2025, bosi alisema tununue nyingine. Akaulizia bei, akanyamaza mpaka leo. Windows 11 haiikubali mashine hii, inadai kitu kinaitwa TPM 2.0 ambacho haina. Mpwa wangu akaweka Linux Mint 21, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, na kwa kweli inakwenda vizuri kuliko zamani.

Kasheshe ni programu yetu ya mizani. Kuna kijana aliitengeneza enzi za Windows XP, kwa Visual Basic 6, na data zote zimo kwenye faili moja la .mdb. Kijana alishahama mji, namba haipatikani. Humo ndimo yalimo madeni ya wavuvi: nani alichukua mafuta ya injini, nani nyavu, nani alikopeshwa hela ya msiba. Siwezi kuanza daftari upya.

Mpwa ameweka Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux. Programu inafunguka, majina ya wavuvi nayaona yote. Nikibonyeza SOMA UZITO inaleta kosa. Kwenye mipangilio yake ya tundu la mizani kuna COM1 mpaka COM4 tu, na zote hazijibu. Mizani ina tundu la zamani la pini tisa, tunaunganisha na ule waya wa kugeuza kwenda USB, wa bei ya chini. Waya ni mzima, maana kwenye laptop ya bosi yenye Windows unasoma.

La pili, tarehe zimegeuka. Risiti ya tarehe 3 Novemba inatoka 11/03. Mzee mmoja wa Ukara ameniuliza deni la Machi limetoka wapi, na yeye Machi hakukanyaga Mwanza.

Tafadhali asije mtu kuniambia ninunue kompyuta mpya.

Dogo_Nyegezi

Mama weka VirtualBox, ndani yake weka Windows 7, kazi kwisha. Wine ni ya magemu hiyo.

Fundi_Buzuruga

Shikamoo mama. Dogo hapo juu nampinga kidogo. VirtualBox inaendesha Windows nzima ndani ya Linux, yaani mifumo miwili inagawana RAM 4. Itawaka, lakini mvuvi atakuwa ameshafika Kamanga kabla risiti haijatoka. Na Wine haikuanzia kwenye magemu. Ilianza 1993 ili watu waendeshe programu za Windows za wakati ule kwenye Linux. Alexandre Julliard anaiongoza tangu 1994, na toleo la 1.0 lilitoka 2008, miaka kumi na tano baadaye. Magemu yalipata nguvu kampuni ya magemu ya Valve walipoichukua na kutengeneza Proton, ya kuchezea magemu ya Windows kwenye Linux, mwaka 2018. Programu ndogo za ofisini kama yako ndizo nyumbani kwake.

Mama, ukielewa inavyofanya kazi, na tatizo lako utalielewa. Wine haijifanyi kompyuta nyingine. Programu yako inaongea lugha ya Windows: nifungulie faili, nichoree dirisha, nipe tundu la COM1. Wine inapokea ombi na kulifikisha kwa Linux kwa lugha yake, kama dalali hapo Mwaloni anayeongea Kikerewe na mvuvi na Kiswahili na mnunuzi. Ndiyo maana haipunguzi kasi sana, hesabu zenyewe zinafanywa na prosesa moja kwa moja.

Isichoweza ni draiva, ile programu ndogo inayoendesha kifaa. Draiva ya Windows inataka kuingia mpaka kwenye kiini cha mfumo, na kiini hapo ni cha Linux. Kwa hiyo ile CD iliyokuja na waya iache kabatini. Draiva ya waya wako Linux inayo tayari, chipu iwe CH340, PL2303 au FTDI.

Kabla hujagusa chochote, nakili lile faili la .mdb kwenye fleshi mbili, moja ukae nayo nyumbani.

Sasa chomeka waya, fungua terminali, andika `sudo dmesg | tail`. Nina wasiwasi na jambo moja. Mint 21 imejengwa juu ya Ubuntu 22.04, na humo kuna programu ya wasioona inaitwa brltty. Ikiona chipu ya CH340 inadhani ni kifaa cha maandishi ya nukta nundu na inakinyakua. Utaona ttyUSB0, ndilo jina Linux inaloupa waya wako, inatajwa kuunganishwa, kisha hapo hapo inakatika, na jina brltty liko katikati. Kama hakuna asiyeona anayeitumia mashine hiyo, iondoe: `sudo apt remove brltty`. Chomoa waya, uchomeke tena.

Kisha jipe ruhusa ya kutumia matundu hayo: `sudo usermod -aG dialout $USER`. Zima uwashe, bila hivyo ruhusa haishiki.

Bado COM1 haitajibu, na hapa ndipo wengi wanaikatia Wine tamaa. Linux inatenga majina ya matundu ya zamani, ttyS0 mpaka ttyS31, hata kama mashine haina hata tundu moja. Wine inayahesabu hayo kwanza, COM1 hadi COM32. Waya wako wa USB unaangukia COM33, na kijana wako aliandika programu inayojua COM nne tu. Hakiki kwa `ls -l ~/.wine/dosdevices`, utaiona com33 imeelekezwa kwa /dev/ttyUSB0.

Dawa: andika `wine regedit`, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Wine, kisha Ports. Kama Ports haipo, itengeneze. Ndani yake weka thamani ya maandishi yenye jina COM1, na mbele yake /dev/ttyUSB0. Funga, andika `wineserver -k`, fungua programu upya, chagua COM1.

Tarehe: Wine inafuata mpangilio wa nchi ulioko kwenye Linux, na mpwa wako nadhani aliacha wa Marekani, mwezi unatangulia. Kwenye amri ya kufungulia programu tanguliza `LC_ALL=en_GB.UTF-8`, siku itakaa mbele. Tazama kwanza kama mpangilio huo umo kwa `locale -a`. Ila risiti za nyuma zifungue moja moja uone, maana inategemea kijana alihifadhi tarehe kama tarehe au kama maandishi tu. Kama ni maandishi, hizo utazirekebisha kwa mkono.

Karani_Mwaloni

Marahaba mwanangu. brltty ilikuwepo kweli, neno kwa neno ulivyosema. Nimeiondoa na COM1 sasa inajibu. Ila uzito unakuja alama za ajabu, maswali na vijiduara, hakuna namba inayosomeka.

Fundi_Buzuruga

Hapo umeshavuka mto mama. Mizani na programu haziendi kasi moja. Kwenye mipangilio ya mizani tafuta kasi, inaweza kuwa 2400, 4800 au 9600, na programu iwekwe hiyo hiyo. Angalia na biti, 7 au 8. Nahisi programu ilipowekwa upya ilirudi kwenye mipangilio yake ya mwanzo.

Mhasibu_Musoma

Nadandia uzi, samahani. Programu yetu ya hesabu ina kifunguo cha USB, bila kukichomeka haifunguki. Wine itakubali?

Fundi_Buzuruga

Mkuu, nisikudanganye. Vifunguo vingi vya aina hiyo vinataka draiva yao ya Windows, na nimeshasema draiva haiingii. Wewe ndiye wa VirtualBox: inaweza kuikabidhi Windows ya ndani kile kifunguo moja kwa moja. Uwe na RAM 8 na leseni halali ya Windows. Na usiende kutafuta programu iliyovunjwa kufuli kwenye fleshi za mtaani. Wine haikukingi na virusi vya Windows, kwa kawaida inaonyesha mafaili yako yote ya Linux kama diski Z.

Karani_Mwaloni

Mizani ilikuwa 2400, programu 9600. Nimezilinganisha. Nimepandisha jiwe la kilo moja lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, kioo cha mizani 1.000, programu 1.000. Nikaweka bondo, ikafuata mpaka gramu. Risiti mpya zinatoka na tarehe sawa, za nyuma ni maandishi kama ulivyohofia, kesho nakaa nazo. Yule wa Ukara nimeanza naye.

Printa ya risiti nayo niitafutie draiva ndani ya Wine?

Fundi_Buzuruga

Hapana mama. Iweke kwenye Linux kama printa ya kawaida, chapa ukurasa wa majaribio. Ikitoka hapo, Wine itaiona yenyewe kupitia CUPS, mfumo wa kuchapia wa Linux. Karatasi zikikatwa vibaya, rekebisha upana kule kule kwenye Linux, 58 au 80 milimita.